Pete ya Kukisia

Nusu ya wanawake wa mtaa wetu hapa Isevya, Tabora, wanavaa pete za mume wangu, na hakuna hata mmoja aliyeniomba ruhusa. Nikienda sokoni naziona: kwa muuza dagaa, kwa mama wa vitumbua, kwa jirani yangu Mwanne ambaye anazo tatu mkono mmoja na bado anadai ya nne. Wasiotujua wanaweza kufikiri mengi. Wanaotujua wanacheka tu, kwa sababu wanafahamu kwamba Mhoja anatazama vidole, mwenye vidole wala hamwoni.

Mhoja anasimamia mashine ya kusaga. Mwanamke akimkabidhi ndoo ya mahindi, yeye huutupia jicho mkono wake mara moja, basi. Siku nyingine mwanamke yule akirudi na mtama, anapewa pete ya waya wa shaba, na inaingia kidoleni bila kubana wala kulegea. Hapimi. Ukimshauri apime ananuna. "Anayepima ni fundi nguo," husema, "mimi jicho linanitosha." Pesa hataki. Wameshamwambia afungue kibanda, awauzie wageni wanaokuja kutazama makumbusho ya Kwihara. Anajibu kwamba akiuza itakuwa kazi, na kazi zote alizowahi kufanya amezikimbia.

Hilo ni kweli, na mimi ndiye shahidi. Mhoja ni kiguu na njia. Mtoto wetu Justus hajaanza kutembea, baba yake alikuwa ameshakwenda Nzega kutafuta dhahabu, akarudi na kikohozi. Akaenda Usinge kulima tumbaku, akaiacha ikiwa shambani. Akaenda Sikonge kwa warina asali, na nyuki anawaogopa kuliko simba. Siku moja alikwenda stesheni kumsindikiza rafiki yake anayesafiri kwenda Mpanda, akapanda naye. Nilikaa na chakula mezani mpaka kikachacha. Hakuwa mlevi, hakuwa na mwanamke. Mlevi ningejua la kumfanya. Huyu alikuwa akiniangalia kwa huruma kabisa, anasema, "Mama Justus, miguu inaniwasha," na kesho hayupo.

Mwenyewe husingizia ukoo. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe kwenda pwani na kurudi na mitumba ya nguo na shanga, na Mhoja hulitaja jambo hilo utadhani anataja ugonjwa wa kurithi. Nilimwambia wapagazi walikuwa wakiondoka na mzigo na kurudi na mzigo. Yeye anaondoka mikono mitupu na kurudi vilevile.

Huo waya uliingia nyumbani kwa bahati. Mota ya mashine iliungua, ikapelekwa kwa fundi wa kusuka mota kule karibu na stesheni, na Mhoja akaagizwa asubiri hapohapo. Kumwambia Mhoja asubiri ni kumfunga kamba. Fundi alikuwa akifumua nyaya za shaba zilizoungua na kuzitupa chini, na Mhoja, kwa kukosa cha kufanya, akaokota kipande akaanza kukizungusha kwenye msumari. Mota ilipokuwa tayari, fundi alimwita, akamwita tena, hakusikia. Akarudi nyumbani na pete mfukoni, imepinda, ncha zinachoma, akanivisha jikoni huku mikono yangu imejaa unga.

Sikuiangalia pete, niliangalia goti lake. Mhoja akiketi, goti la kulia hutikisika tangu anapokaa mpaka anaponyanyuka. Meza yetu imelegea kwa ajili ya goti hilo. Jioni ile alikaa anaifumua pete na kuifunga upya, anaifumua tena, na goti likawa limetulia.

Kuanzia hapo mimi ndiye niliyekuwa nikipita kwa fundi mota kuomba mabaki. Nilijua ninachokifanya. Waya ukiwemo ndani ya nyumba, mume wangu yumo ndani ya nyumba. Waya ukiisha, anaanza kuulizia habari za Nzega.

Akawa hodari kweli. Akaanza kuweka shanga, akasuka bangili za nyaya tatu, akatengeneza hereni za Mwanne ambazo hadi leo zinasikika kabla Mwanne mwenyewe hajafika. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa ncha. Pete ya waya lazima iwe na ncha mahali fulani, na ncha hunasa nguo na kuchuna ngozi. Kwenye pete za Mhoja huioni. Huzungusha waya mara tatu kwa ukubwa wa kidole alichokikisia, huupitisha kwenye ushanga, huuviringisha chini ya ushanga mara nyingi, halafu ncha anaizika ndani ya tundu la ushanga wenyewe na kuikaza kwa plaizi. Akikupa pete hukwambia, "Haya, itafute ncha." Unaigeuza, unaigeuza, unaipeleka kwenye mwanga. Hapo hucheka kwa raha ambayo sikuwahi kuiona akiwa nayo Nzega wala Usinge.

Sasa mama yangu. Mama anaishi kijijini, kwenye barabara ya Sikonge, pamoja na mdogo wangu Nestory. Na kwetu sisi, mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Hawali pamoja, hawapeani mikono, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Vijana wa siku hizi wanakumbatiana na wakwe zao kwenye picha za harusi na dunia haijapasuka, lakini mama ni mtu wa zamani, na Mhoja, kwa hili moja tu, ni mtiifu kuliko katekista. Mama akija kwetu, yeye hutokea mlango wa nyuma. Nadhani ndiye mwanamume pekee Tabora anayefurahi mama mkwe akibisha hodi, kwa sababu anapata ruhusa ya kuondoka.

Pasaka iliyopita mama alikuja kusali mjini. Tulipokaa kula, aliushika mkono wangu, akaivuta pete karibu na macho, akaitafuta ncha kwa ukucha. Hakuiona. Akafungua fundo kwenye pindo la khanga yake akatoa ushanga wa bluu, mnene, umekwaruzwakwaruzwa. Naujua ushanga ule tangu utoto. Aliufukua kwa jembe akiwa msichana, alipokuwa akilima kwao Kwihara, kwenye njia ile waliyokuwa wakipita wapagazi, na hakuwahi kumpa mtu.

"Mwambie mkwe," akasema, "hata mimi nina vidole."

Nilipompelekea Mhoja ujumbe ule, alisimama, akaketi, akasimama. Kwa mara ya kwanza mama mkwe amemwomba kitu. Furaha ilimzidi, na hofu nayo ikamzidi, kwa sababu mkono wa mama hakuwahi kuuona. Kila alipotokea mama, yeye alikuwa akitazama chini au akitazama mlango.

"Nitampima kwa uzi," nikamwambia. "Dakika moja tu."

"Umpime kwa uzi? Aseme mkwe wake hajui kazi?"

"Baba Justus, utakisiaje kidole ambacho hujakiona?"

Akafikiri. Watu wote husema nimefanana na mama: macho, mwendo, hata kukohoa. Akaniambia, "Lete mkono wako." Akaitengeneza pete ya mama kwa kidole changu, kwa waya mnene aliokuwa ameuweka akiba, mgumu, usiopinda hovyo. Ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza, hata mimi nilisikia wivu. Ncha akaizika ndani ya ule ushanga wa bluu, akaibana mpaka jasho likamtoka.

Nestory aliipeleka. Jibu likarudi: imeingia, imekaa. Mhoja alitembea wiki nzima kifua mbele. Kumbe iliingia kwa sabuni, na mama, kwa kutotaka kumwaibisha mkwe, hakusema neno.

Masika yalipokwisha, wakaanza kukamua asali kule kijijini. Mama alikuwa anachambua masega kwenye sufuria, nyuki mmoja aliyebaki ndani akamdunga. Kidole kilekile chenye pete.

Ilikuwa mchana, nikawa naanua nguo, nikasikia pikipiki. Nestory anaendesha, mama kakaa nyuma, mkono ameuinua juu. Niliukimbilia. Kidole kilikuwa kimevimba kimekuwa cheusi, na pete imezama ndani ya nyama, unaona ule ushanga tu. Nestory akanieleza harakaharaka: nesi wa zahanati amejaribu mafuta, amejaribu maji ya baridi, mkasi hauingii chini ya waya. Amewaambia waende hospitali ya mjini moja kwa moja, kuna kifaa cha kukatia, na wasikawie, kidole kitakufa.

"Sasa mnafanya nini hapa?" nikapiga kelele. "Twendeni hospitali!"

Mama alikuwa ameshashuka. "Aliyenifunga yuko hapa. Kuna sababu gani nikapange foleni? Mwite."

"Mama, ni mkweo!"

"Najua ni nani. Weka pazia."

Nestory akaenda mashineni. Mhoja alikuja mbio, kope zimejaa unga, na kwa mazoea akapitia mlango wa nyuma. Nilipomwambia, alirudi uani. Akazunguka kisima, akaenda mpaka kwenye banda la kuku, akarudi.

"Siwezi," akasema. "Mwambie aende hospitali."

"Mwambie wewe."

"Nitamwambiaje mimi?"

"Basi ingia ndani ukaifungue. Ukishaifungua tutakwenda hospitali wote."

Nilikuwa nimemkasirikia kiasi kwamba ningemtwanga kwa kapu la nguo. Alikuwa anatazama geti. Nikaona kabisa: kama ningegeuka kufunga mlango, ningegeuka tena nimkute yuko njia ya Nzega na unga wake kichwani. Na mama angepoteza kidole, nami ningepoteza mume, mchana mmoja.

Kutoka ndani mama akaita, "Koleta! Mwambie mkwe kidole kinapiga ngoma!"

Mhoja akaingia.

Mama alikaa chumbani, nyuma ya pazia la mlango, khanga kajifunika kichwani. Mkono wake ukatoka chini ya pazia na nikauweka juu ya kigoda. Mhoja akaketi upande wa huku na plaizi yake. Kushika mkono ule asingeshika, kwa hiyo nikaushika mimi. Yeye alitakiwa kugusa waya tu. Akainama. Akautazama mkono wa mama yangu kwa mara ya kwanza tangu anioe.

Ulikuwa mkono wa jembe, mpana, vifundo vimekomaa. Alihamisha macho kutoka mkono wa mama hadi wangu, akarudi wa mama.

"Haufanani na wako," akasema kwa sauti ndogo. "Haufanani hata kidogo."

"Fungua, Baba Justus."

"Mwambie mama ncha imo ndani ya ushanga."

"Mwambie mkwe nimesikia," mama akajibu kutoka nyuma ya pazia, hatua moja kutoka kwenye pua yake. "Nimeumwa mkono, sijaumwa masikio."

"Mwambie mama... ncha siifikii. Labda ushanga uvunjwe."

Nilitaka kulia. Ushanga ule ulikuwa kwenye pindo la mama siku niliyozaliwa na siku tuliyomzika baba.

"Mwambie mkwe," akasema mama, "ushanga niliufukua na jembe. Sikuzaliwa nao. Avunje."

Nikaufunika ushanga kwa kitambaa, Mhoja akabana plaizi. Ulipovunjika, mlio wake ulikuwa mdogo. Akaiona ncha, akaikamata, akaanza kufumua ule mviringo, na hapo ndipo tabu ilipoanza. Kila alipovuta, mama aliguna, na kila mama alipoguna, goti la Mhoja lilitikisika zaidi. Goti lilikuwa linapiga kigoda. Kigoda kinatikisika, mkono unatikisika, plaizi inateleza. Ncha ikamchuna mama, damu ikatoka.

"Koleta," mama akauliza, "nini hicho kinanitikisa?"

"Goti la mkweo, mama."

Pazia likasogea. Mkono wa mama wa pili ukatoka chini yake, ukapapasa hewani, ukapapasa kigoda, ukafika kwenye goti la Mhoja. Ukatua juu yake. Ukalikandamiza chini kwa nguvu, kama anayemshika mtoto asianguke kitandani.

Mhoja akaacha kupumua. Mimi nikatazama pazia. Mkono haukuondoka. Goti likatulia. Plaizi ikatulia. Akafumua mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, na waya ule mgumu, ulipopata nafasi, ukajikunjua wenyewe na kuachia. Mama akatoa pumzi ndefu. Mikono yote miwili ikarudi ndani.

Tulikwenda hospitali palepale. Wakamsafisha, wakamchoma sindano, wakasema kidole kimepona chupuchupu. Ukucha tu ndio uliokuja kung'oka. Mama akarudi kwake akimcheka nyuki.

Aliyekuwa hajapona ni Mhoja. Alikusanya waya wote, shanga zote, plaizi, akavitia kwenye gunia la mchele akalisukuma chini ya kitanda. Nilimwambia ni kosa la kawaida, kila fundi hukosea. Akasema jicho lake limemdanganya, na mtu ambaye jicho limemdanganya hawezi kuliamini tena. Akaanza kuzunguka mtaani kuwaomba wanawake wavue pete zake, zisije zikawaua vidole. Muuza dagaa alivua kwa kumwonea huruma, kesho yake akaivaa tena. Mwanne alimfukuza kwa mwiko. "Kidole changu na pete yangu," alimwambia, "kama unataka kufunga kitu, kafunge safari zako."

Heri asingemwambia hivyo. Goti likarudi. Meza ikaanza tena kulia usiku na mchana. Alikuwa akila tonge mbili anatoka nje, anarudi, anakula moja. Treni ikipiga honi ananyamaza katikati ya neno. Akajaza upepo baiskeli, akaishusha, akaipaka mafuta mnyororo, akaijaza tena. Halafu asubuhi moja, ninaosha vyombo, akaanza kwa upole uleule: kuna mtu amemwambia Nzega siku hizi mambo si mabaya.

Nilikuwa na hasira na nilikuwa na woga, na woga ndio uliokuwa mkubwa. Mtu anaweza kungojwa mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Nilijiona jinsi nitakavyoiweka sahani yake mezani na kuifunika, na nikajua kwamba safari hii sitaifunika. Nilisugua sufuria mpaka ikapiga kelele. Yeye akatoa begi lake, akalilaza kwenye keria ya baiskeli, akaanza kulifunga kwa mpira.

Pikipiki ya Nestory ikaingia getini, na kidumu cha asali mbele. Nestory alimwona shemeji yake, akaliona begi, akajifanya hakuliona.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo, kidole kinakunja sasa. Amenituma kwa mkwe wake."

Akatoa mfukoni kitambaa chenye fundo. Mhoja hakunyoosha mkono. Nestory akalifungua mwenyewe. Ndani mlikuwa na uzi mweusi wa kushonea, umefungwa ukawa duara dogo.

"Mama anasema hicho ndicho kidole chake, cha mkono wa pili, amejipima mwenyewe. Safari hii mkwe asikisie." Nestory akakuna kichwa, akakumbuka lililobaki. "Na ncha aiache nje, aione."

Mhoja akauchukua uzi. Akauvisha kwenye kidole chake kidogo, ukapwaya. Akauhamishia kidole cha pete, ukakaa sawasawa. Alisimama hivyo, uzi wa mama mkwe kidoleni, mkono mwingine umeshika mpira wa keria. Halafu akaachia mpira, akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati akatoa kiberiti. Nilidhani anataka sigara, ingawa havuti. Akakifungua. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya ushanga wa bluu. Alikuwa anaondoka navyo.

"Mama Justus," akasema, "lile gunia liko wapi?"

"Lipo ulipoliweka."

Hakwenda kulichukua. Nilikwenda mimi, nikalivuta kutoka chini ya kitanda, nikalileta uani. Aliketi kwenye ngazi, akatafuta waya laini, akaunyoosha kwa kucha zake, akaulinganisha na uzi, akaulinganisha tena. Begi bado liko kwenye keria. Goti linatikisika.

Nikajifuta mikono, nikaketi kando yake, nikaweka kiganja changu juu ya goti lile na kulikandamiza chini kama nilivyomwona mama akifanya. Lilichukua muda, lakini likatulia.